Moshi wa Senetwet Uliomponza Phelis Nyabate

Saa mbili asubuhi, soko la Silibwet bado lina matope ya mvua ya jana, na Phelis Nyabate tayari amewasha jiko. Hachomi mahindi wala hapiki chai. Mteja wake wa kwanza, mama mwenye leso ya kijani, anachomoa kijiti kimoja kutoka kwenye mzigo, anakitia motoni mpaka ncha inawaka, anakitoa, anakipuliza na kukinusa. Haridhiki. Anakipeleka puani mara ya pili.

"Ya wapi hii?" anauliza.

"Soma uzi, mama."

"Uzi naona. Mimi nauliza mdomo."

"Mbegu ya Siongiroi, imeota Siongiroi. Uzi mwekundu, fundo mbili."

Mama anahesabu mafundo kwa kidole, moja, mbili, kisha anachukua mizigo mitatu na kwenda zake bila kuaga. Phelis haoni ubaya. Anasema heri mteja anayekushuku mbele ya macho yako kuliko yule anayekuchekea halafu akaenda kukusema kisimani.

Yeye mwenyewe haamini mtu, na hasemi hivyo kwa aibu. Mwandishi alipofungua daftari tu, alinyooshewa kijiti. "Unaandika nini hapo, na mimi sijasema kitu? Nisomee." Akasomewa. Akatikisa kichwa, akakubali kuendelea, ila kwa sharti kwamba kila ukurasa ukijaa asomewe tena.

Kazi ya Phelis, mwenye umri wa miaka 51, ni kuuza vijiti vya senetwet, kichaka cha porini chenye maua ya njano na vitumba vyeusi. Bila senetwet hakuna mursik, maziwa ya kuchacha ya kibuyuni. Akina mama wa Kipsigis huchoma ncha ya kijiti, hukiingiza kile kijinga ndani ya kibuyu na kusugua kuta zake mpaka makaa yaenee kila mahali. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa humo, kibuyu kikafungwa kwa siku kadhaa. Yakitoka yana rangi ya majivu, uchachu, na harufu ya moshi ambayo aliyelelewa nayo haisahau.

Phelis hakulelewa nayo. Yeye ni Mkisii. Wazazi wake walitoka Nyamira kuja kuchuna majani chai Kericho, naye akazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi katika shamba moja kubwa. Akachuna majani miaka kumi na tisa, mpaka mashine zilipoletwa.

"Laini yetu nzima ya wafanyakazi tuliambiwa turudi nyumbani," anasema. "Nyumbani wapi? Mimi nimezaliwa hapo hapo. Huko Nyamira nikienda, wananiita Mkericho. Huku wananiita Mkisii. Sasa mtu akiniuliza mimi ni wa wapi, namwuliza kwanza anataka kufanyia nini hayo majibu."

Alihamia Silibwet na watoto wake wawili, Duke na Moureen. Ndiyo maana sokoni anaitwa Mama Duke, siku ambazo watu wana furaha naye. Aligundua kwamba akina mama wenye ng'ombe walikuwa wakiagiza senetwet kutoka kwa jamaa zao wa Siongiroi, kule Chepalungu, ambako ardhi ni kavu na ya mawe. Akapanda pikipiki akaenda. Huko akampata Bethwel, mkulima ambaye shamba lake lilikuwa limevamiwa na kichaka hicho, akamruhusu akate.

Alama yake ilikuwa uzi mwekundu. Mzigo wenye uzi mwekundu ni wa Siongiroi, basi, hakuna maswali. Kwa miaka sita wanawake kumi na wanne wa kikundi kimoja cha mursik hawakununua kwa mtu mwingine. Mkisii kuwauzia Wakipsigis moshi wa maziwa yao! Hata yeye alikuwa akicheka peke yake njiani.

Halafu ikaja Agosti ya mwaka juzi.

Chepkosgei, mwenyekiti wa kile kikundi na mteja mkubwa wa Phelis, alikuwa anatarajia wageni. Binti yake Chelangat alikuwa amechumbiwa, na watu wa upande wa mume walikuwa wanakuja kwa koito, siku ya wazee wa pande mbili kukaa chini na kuelewana. Siku hiyo mtu anaweza kusamehewa nyama ngumu. Mursik mbaya hasamehewi.

Chepkosgei aliagiza mizigo minne. Wiki hiyo mvua ilikuwa imekata barabara, pikipiki hazipiti, na Phelis alikuwa na homa. Kando ya mashamba ya chai, mwendo wa dakika kumi kutoka kwake, senetwet ilikuwa imesimama ndefu, nono, imenyooka vizuri kuliko ile ya Bethwel iliyopindapinda. Jani ni lile lile na ua ni lile lile.

"Nikasema, mti ni mti," anakumbuka. "Nikakata."

Mwandishi anamwuliza kama alimwambia Chepkosgei. Phelis anachochea makaa kwa muda mrefu kuliko yanavyohitaji.

"Hapana," anasema hatimaye. "Andika hivyo hivyo. Sikumwambia. Na nilifunga uzi mwekundu."

Siku ya koito, vibuyu vilifunguliwa mbele ya wageni. Maziwa yalikuwa yameganda vibaya, moshi umepotea, na ladha imekaa kama maziwa yaliyosahaulika dirishani. Mzee mmoja wa upande wa mume alionja, akaweka kikombe chini polepole, akaomba chai. Wengine wakamfuata. Hakuna aliyesema neno, na Chepkosgei anasema hilo ndilo lililomwumiza zaidi.

"Mtu akikutukana unajibu," anaeleza Chepkosgei, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno. "Hao walininyamazia. Nilitaka ardhi inimeze. Mtoto wangu akaenda kulia jikoni."

Jioni ile ile lawama zilipata mwenyewe. Mkisii amechanganya. Wengine wakasema alitia mikaratusi, wengine wakasema miwati, na mmoja akaapa alimwona Phelis akiokota vijiti nyuma ya mashine ya mbao. Mtu anayetaka kuona haoni taabu kuona. Kikundi kikaacha kununua siku hiyo hiyo. Kamati ya soko ikamtoa pale mbele alipokaa miaka yote, ikamsukuma nyuma ya posho mill, ile mashine ya kusaga unga, mahali ambapo hapapiti mtu ila kuku.

"Niliwaambia sikuchanganya miti, na Mungu anajua hiyo ni kweli," anasema. "Lakini kila nikisema hivyo, nakumbuka ule uzi mwekundu."

Mtu wa kwanza ambaye Phelis alimshuku alikuwa Bethwel. Labda ndiye aliyemharibia jina ili achukue soko lake. Barabara ilipofunguka akaenda Siongiroi na mdomo umejaa maneno. Bethwel akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mama Duke, hizo za koito si hukukata kwangu. Ulikata wapi?"

Phelis alirudi Silibwet na kijiti kimoja cha Siongiroi, akakata kimoja cha kando ya chai, akavichoma vyote viwili mlangoni kwake. Kile cha Siongiroi kilimtoa machozi. Cha Silibwet kilinukia kuni tu.

Akakaa pale mlangoni mpaka moto ukazimika. Kumbe jani linaweza kuwa moja na ndani pakawa tofauti. Hakuelewa, na kutoelewa kulimtia hofu kuliko matusi ya sokoni, kwa sababu sasa hakujua hata yeye alikuwa anauza nini.

Oktoba, akamwona mwanamke kijana kando ya chai akichuma majani ya senetwet na kuyatia kwenye bahasha za karatasi. Phelis akamfuata kwa mbali karibu saa nzima, akijificha nyuma ya miti. Alikuwa na hakika ni mtu wa kampuni, au mwizi wa dawa, au mtu aliyetumwa na kamati. Mwishoni yule mwanamke akageuka.

"Mama, umechoka kunifuata? Njoo basi unishikie bahasha."

Alikuwa Jennifer Nyathira, mtafiti wa mimea kutoka chuo kikuu kimoja, mzaliwa wa Nyeri. Alikuwa akikusanya senetwet kutoka sehemu tatu, Silibwet, Siongiroi na Mulot, kulinganisha kilichomo ndani ya majani na magome. Alipomwomba Phelis amwonyeshe vichaka vya Bethwel, alijibiwa kavu kavu.

"Nilimwambia, watu wa karatasi huja, huchukua, hatuwaoni tena," anasimulia Phelis. "Nikamwambia nipe majibu kwanza, ndiyo nikuonyeshe njia. Kwa nini mti mmoja una moshi mbili?"

Jennifer, anayezungumza kwa simu kutoka maabara, bado anacheka akikumbuka. "Aliniuliza swali langu la utafiti, neno kwa neno karibu. Mimi nilikuwa nimeliandika kwa kurasa ishirini."

Jibu alilompa pale kando ya chai Phelis analijua kwa moyo. Mmea hauna miguu. Jua likiuchoma, viwavi wakiuvamia, mbuzi mwenye njaa akija, hauwezi kukimbia. Unachoweza ni kujipikia uchungu ndani, mwili wote. Kule Siongiroi shida ni nyingi, kwa hivyo mmea unapika uchungu mwingi, na huenda uchungu huo ndio unaoupa moshi ukali wake. Huku kwenye mvua na udongo wa chai mmea umestarehe, unatumia nguvu zake kurefuka.

"Hiyo nikaelewa," anasema Phelis. "Ni kama watu. Lakini nikamwambia, ngoja, usinimalize haraka. Kama ni mahali tu, basi nikileta mbegu ya Siongiroi hapa itakuwa goigoi pia?"

Hapo ndipo Jennifer alipomwambia upande wa pili. Kule penye taabu, kichaka kisichoweza kupika uchungu huliwa kabla hakijatoa mbegu. Kinachobaki ni kile kilichozaliwa na uwezo huo, na kinauachia watoto wake, miaka na miaka. Kwa hivyo tofauti inaweza kuwa mahali, inaweza kuwa ukoo, inaweza kuwa vyote viwili. Njia ya kujua ni kupanda mbegu za pande zote mbili katika pande zote mbili, na kungoja.

Phelis akangoja. Miezi kumi na minane! Alilowesha mbegu kwenye maji moto kama Bethwel alivyomwelekeza, akapanda nusu nyuma ya nyumba ya kupanga Silibwet na nusu kwa Bethwel. Uzi mwekundu kwa mbegu ya Siongiroi, uzi wa buluu kwa mbegu ya Silibwet. Fundo moja kwa kichaka kilichoota Silibwet, fundo mbili kwa kilichoota Siongiroi. Wakati huo alilima mashamba ya watu, akafua nguo, akauza mboga za sukuma wiki mlango kwa mlango. Duke alimsihi aache, wahamie Kericho mjini.

"Nikamwambia nikihama sasa, watasema nimekimbia. Na watakuwa na haki."

Aprili mwaka huu alikwenda nyumbani kwa Chepkosgei. Hakualikwa. Akasimama langoni na vijiti vinne na kumwomba jambo moja: vibuyu vinne, maziwa ya ng'ombe mmoja, na yeye Phelis asiguse chochote.

"Nikadhani ni mtego," anakiri Chepkosgei. "Nikamwambia vijiti vyako sivitaki. Nitaenda kukata mwenyewe, kwako na kwa huyo Bethwel. Na nyuzi nitaficha mimi. Akasema sawa. Hapo ndipo nikaanza kuogopa, kwa sababu mwongo hakubali haraka hivyo."

Kilichomwogopesha Phelis kilikuwa kingine. Alijua kibuyu kimoja kati ya vile vinne kitakuwa na moshi wa siku ya koito. Kikitambuliwa, kitamwondolea lawama ya kuchanganya miti, na papo hapo kitamshika kwa ule uzi mwekundu. Usiku wa kuamkia siku ya kufungua vibuyu hakulala. Alifikiria kumwambia Chepkosgei aache kile cha nne.

"Shetani alikaa na mimi hapo kitandani kabisa," anasema, na hacheki.

Siku ya kufungua, wanawake wote kumi na wanne walikuja. Aliyeonja alikuwa mama mkwe wa Chepkosgei, ajuza wa miaka themanini na kitu ambaye kila mtu humwita Gogo, na ambaye hakuwa nyumbani vibuyu vilipojazwa. Walimpa kikombe kimoja kimoja.

Cha kwanza alikinywa chote. "Hii ndiyo maziwa," akasema.

Cha pili akakinywa nusu. "Hii inakaribia."

Cha tatu akakizungusha mdomoni. "Hii imejaribu. Haina adabu sana, lakini imejaribu."

Cha nne alikionja. Akaonja tena. Akamtazama mkaza mwana wake.

"Chepkosgei, hii umeitoa wapi? Hii ni ile ya siku ya aibu."

Nyuzi zikaletwa. Cha kwanza, mbegu ya Siongiroi iliyoota Siongiroi. Cha pili, mbegu ya Siongiroi iliyoota Silibwet. Cha tatu, mbegu ya Silibwet iliyoota Siongiroi. Cha nne kilikuwa na uzi wa buluu wenye fundo moja, mbegu ya Silibwet iliyoota hapo hapo Silibwet, na ndani yake hakukuwa na mikaratusi wala miwati. Ilikuwa senetwet tupu, na Chepkosgei aliikata kwa panga lake mwenyewe.

Wanawake wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Mmoja aliyekuwa ameapa mambo ya mashine ya mbao akakumbuka ana ng'ombe wa kukamua. Wengine wakamshika Phelis mkono, Mama Duke pole, Mama Duke tulikukosea. Angeweza kukaa kimya hapo. Alikuwa ameshinda.

"Nikasimama," anasema. "Nikawaambia ngojeni. Miti sikuchanganya. Lakini ile ya koito niliikata hapa chini kando ya chai, nikaifunga uzi wa Siongiroi, nikaiuza kwa jina la Siongiroi. Hiyo ni uongo, na ni yangu. Mama Chelangat, ulikuwa na haki kunishuku. Ulikosea kitu cha kunishukia tu."

Chepkosgei aliingia jikoni, akakaa huko kwa muda. Alipotoka alikuwa na kikombe cha kile kibuyu cha kwanza, akampa Phelis. Kunywa hakumaanishi msamaha, anasisitiza Chepkosgei leo. "Nilimpa maziwa kwa sababu mtu amesimama kwangu tangu asubuhi. Mambo ya kusamehe ni safari."

Kikundi kilikaa wiki iliyofuata na kutoa hukumu yake. Phelis arudi mahali pake pa zamani sokoni, na kamati ya soko ikaafiki. Kila mzigo uwe na uzi na mafundo. Na kila siku ya soko awe na jiko linalowaka, ili mwanamke yeyote, hata asiyenunua, achome kijiti na kunusa kabla ya kuamini.

Jennifer anaonya kwamba vibuyu vinne na ulimi wa Gogo havitoshi kuitwa utafiti. Anahitaji vichaka vingi zaidi, misimu zaidi, na vipimo vya maabara ambavyo bado vinaendelea. Lakini mpangilio ule wa nyuzi na mafundo ameunakili kwenye daftari lake, na Phelis, bila shaka, aliomba asomewe alichoandika.

Kwa sasa Phelis anataka kukodi kipande cha ardhi Silibwet na kupanda mbegu ya Siongiroi pekee, auze ile inayokaribia kwa wasiomudu bei ya ile inayotoka Siongiroi, aiite kwa jina lake halisi. Ameshaotesha miche mia mbili. Kila asubuhi anaihesabu, kwa sababu hata majirani hajamaliza kuwashuku.

Karibu saa sita, Chepkosgei mwenyewe anafika sokoni. Binti yake wa pili ana koito Desemba. Anachoma kijiti, ananusa, anahesabu mafundo, anachoma kingine. Phelis anamngoja. Mwishowe Chepkosgei anafungua kikapu na kutoa kibuyu kikubwa chenye shanga shingoni, kile ambacho hutolewa kwa wageni wa heshima tu.

"Mama Duke, hiki utasugua wewe," anasema. "Kwa mkono wako. Lakini nitakuwa nimesimama hapo juu yako, nikiangalia."

Phelis anapokea kibuyu kwa mikono yote miwili. Macho yamemjaa maji, na anasingizia moshi.

"Simama, Mama Chelangat," anasema. "Usipepese hata jicho."